Sanduku la Kumeza Kelele

Jina la ubatizo ni Elifuraha, lakini furaha yenyewe aliiacha hukohuko kanisani. Majengo nzima, pale Moshi mjini, walimjua kwa hasira. Mteja akileta redio halafu aanze kumfundisha kazi, "unajua hapo ndani ni waya tu umeachia," Elifuraha anamrudishia redio yake kifuani. "Kama unajua, tengeneza." Mmoja alibisha. Redio yake ikaruka juu ya barabara ikatua kwenye mfereji, na mwenyewe akaifuata.

Lakini fundi ni fundi. Darasa la saba alimaliza kwa kusukumwa. Kazi aliijua kwenye redio ya mjomba wake, aliyoifungua siku mjomba yuko Kahe kumwagilia mahindi. Mjomba aliporudi alimtandika kwanza, ndipo akawasha redio, akakuta inaongea vizuri kuliko ilivyonunuliwa. Akamtandika tena, ila kwa upole.

Basi miaka ile ya tisini mwanzoni, mipaka imefunguliwa, vitu vinamwagika mjini kama mahindi ya gunia lililotoboka. Redio kaseti za Dubai zenye taa za rangi, kila nyumba inataka ya kwake, na zote zinakufa baada ya Krismasi moja. Elifuraha akala humo. Alizijua hizo redio kama mtu anavyojua njia ya chooni. Spika anaichomoa mwanzo kabisa, anaiweka pembeni, anapima kimyakimya, anachoma risasi ya kuungia waya, halafu mwisho ndiyo anarudisha spika. Hakuna kinachoungua. Mkono ulishazoea hivyo hata akiwa na usingizi.

Siku moja mkokoteni ukasimama mbele ya kibanda chake. Juu yake kuna dude limefunikwa blanketi, zito kama ndama, na gitaa kando. Nyuma ya mkokoteni, mzee mwembamba, koti la suti, raba za mchezo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule mkali?"

"Nani kasema?"

"Kila niliyemuuliza njia."

Elifuraha akanuna, lakini akasaidia kushusha. Lilikuwa amplifaya la gitaa, la zamani, la valvu, zile glopu za kioo zinazowaka nyekundu kama makaa ndani ya mashine. Alikuwa amezisikia tu. Hajawahi kushika.

Mzee ni Primus, wa Kirua Vunjo. Zamani alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya kiwanda kimoja hapo mjini. Kiwanda kikauzwa, bendi ikafa, na siku ya kufa kila mtu alibeba alichoweza. Mpiga ngoma alibeba viti. Primus alibeba amplifaya, akalipandisha mlimani kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, likakaa miaka kwenye chumba cha ndizi.

"Sasa mzee, unataka kurudi jukwaani?"

"Jukwaa gani. Ni mke wangu."

Akakaa kwenye stuli. Mke wake, Mektrida, aliugua homa ya uti wa mgongo. Akapona, ila sikio la kushoto likafa. La kulia linaenda polepole; daktari amesema litazima nalo, labda mwaka huu. Na mbaya zaidi, hilo lililobaki halitaki kelele. Mlango ukijifunga kwa nguvu, mama wa watu anashika kichwa analia kama amepigwa nyundo.

"Alinikuta kwenye dansi, mwanangu. Kilichomleta mbele ya jukwaa ni sauti ya hili dude. Sasa anasema, Primus, kabla sikio halijafunga, nisikie lile gitaa mara moja tu. Lile la ukumbini, siyo haya makopo ya kaseti."

"Si umpigie sauti ya chini?"

"Nikipunguza haiwi yenyewe. Hili ni kama ng'ombe. Maziwa ya kwanza ni maji tu. Mpaka ukamue sana, yale ya mwisho ndiyo yenye mafuta. Na likikamuliwa sana, bati la nyumba linacheza." Akamshika Elifuraha mkono. "Nataka likamuliwe mpaka mwisho, lakini kelele iende pengine. Nibakizie kidogo tu, ya kuweka karibu na mto wake."

"Iende wapi sasa? Niifunge kwenye gunia?"

"Wewe ndiye fundi."

Mtu mwingine angesema hivyo angekula matusi. Lakini macho ya yule mzee yalikuwa yamelowa, na Elifuraha hakuwahi kujua la kufanya na macho yaliyolowa. Akasema tu, "Acha hapa. Gitaa pia acha."

Kwanza ilibidi dude lenyewe lifufuke, maana lilikuwa linanguruma tu. Akabadilisha kapasita zilizovimba, akasafisha soketi za valvu, akatoa kiota cha panya. Asubuhi aliyokuwa tayari kulijaribu, kibanda cha jirani kikawekewa turubai. Mama Eunike, yule wa uji na maandazi, kafiwa na kaka yake. Watu wameketi chini, wanawake wamejifunga khanga, nyimbo za kanisani taratibu. Hata mwenye hasira ana mipaka. Muziki kwenye msiba haupigwi. Elifuraha akafanya alichofanya maisha yake yote. Akachomoa spika ili marehemu wa watu apumzike. Akawasha. Valvu zikawaka vizuri, nyekundu, nzuri. Akagusa nyuzi za gitaa huku anapandisha sauti taratibu mpaka mwisho, akiangalia mshale wa mita.

Kitu kikamulika buluu ndani ya valvu. Paap! Halafu harufu ya vanishi iliyoungua, moshi mweupe, kimya.

Redio za Dubai hazijali ukichomoa spika. Amplifaya la valvu linajali. Nguvu ikipandishwa lazima ipate pa kwenda. Ikikosa, inageuka ndani inang'ata nyumba yake yenyewe. Ile transfoma ya kupeleka sauti kwenye spika ilikuwa imeungua, nyuzi zake zote nyeusi. Na transfoma ya namna ile hakuna duka Moshi linauza.

Mama Eunike akachungulia na khanga yake puani. "Elifuraha, tuko msibani, wewe unachoma nini?"

Elifuraha akapiga stuli teke, akaumia kidole gumba, akakaa chini. Ndipo akamwambia yote, mpaka habari ya sikio. Halafu akasema, "Nitamwambia mzee lilikuja bovu. Ndio hivyo. Nani atajua?"

"Wewe utajua, mpumbavu." Mama Eunike, mwenyewe macho mekundu ya kilio, akamkalia mbele. "Ulichomoa spika kwa heshima ya kaka yangu. Hilo si kosa la aibu. Aibu ni kumdanganya mwenye mke mgonjwa. Panda Kirua, useme. Na usiende mikono mitupu, nenda na isale."

Isale Mchagga anaelewa. Ni lile jani refu la kijani linaloota mipakani mwa vihamba. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale limefungwa fundo, kilichoko moyoni kwako unakiweka chini. Husemi nitafikiria. Unasamehe.

Akapanda. Njia nzima hasira imempanda, si kwa mtu, kwa mkono wake mwenyewe. Kufika kwa Primus anakumbuka: isale hajabeba. Akaangalia huku na huku, akakwanyua moja pale ukingoni, akafunga fundo, akaingia.

Primus alikuwa anakatia ng'ombe majani chini ya dirisha. Alipoona lile jani, akaacha panga. Elifuraha akasema yote kwa pumzi moja, msiba, spika, moshi, huku kalishika jani mbele kama askari kashika bunduki.

Mzee akaliangalia lile jani vizuri.

"Hili umekata wapi?"

"Hapo nje."

"Hapo nje ni mpaka wangu na wa jirani Mathew. Masale ya mpaka, baba yangu kayapanda. Umekuja kuniomba msamaha kwa kunivunjia mpaka?"

Ndani ya nyumba mtu akacheka, kicheko chembamba, kama kimechujwa.

"Mpokee, Primus! Mwizi mwenye adabu hivi hajapata kutokea Kirua nzima."

Ndivyo alivyomjua Mektrida. Alikuwa kitandani karibu na dirisha, kichwa kimefungwa kitambaa, macho makali, mdomo mkali zaidi. Kuongea naye unasogea sikio la kulia, unanong'ona. Wakampa mtori wa ndizi, na Primus akalichomeka lile jani juu ya mlango. Hakulitaja tena. Aliuliza kitu kimoja tu, uani, mkewe asipoona: "Utaweza kabla sikio halijafunga?"

"Nitaweza," alisema Elifuraha, na hakuwa anajua ataweza vipi.

Alikwenda kwa Kornel, fundi anayesuka upya mota za mashine za kusaga. Kornel alikataa. Elifuraha akagombana naye, kisha akarudi akamwomba, na kumwomba mtu kulimuuma kuliko kidole. Wakaifumua ile transfoma iliyoungua uzi kwa uzi, wakihesabu mizunguko. Kila wakifika mia wanatupa punje moja ya kahawa kwenye kopo ili wasipotee. Kisha wakaisuka upya kwa waya mpya wa shaba, karatasi kati ya tabaka na tabaka, wakirudisha punje moja moja mpaka kopo tupu. Mara mbili Elifuraha alikosea, mara mbili akakata waya kwa meno akaanza tena. Kornel alisema hajawahi kumwona akianza kitu tena bila kuvunja kingine kwanza.

Dude likapona. Likanguruma kwa spika yake, bati la kibanda likacheza, na Mama Eunike, ambaye matanga yalishaanuliwa, akacheza na mwiko mkononi.

Likabaki la kelele iende wapi. Elifuraha akaona ni rahisi. Spika yenyewe ni mzigo tu, nyuma imeandikwa omu nane, kipimo cha inavyouzuia umeme. Akachukua koili ya jiko la umeme, ule waya wa mviringo, akaukata kidogokidogo mpaka mita ikasoma nane kamili. Akaufunga kwenye sanduku la bati lenye matundu. Nguvu yote inaingia humo, inageuka joto, kimya. Pembeni akachomoa tone dogo la sauti kwenda kwenye spika ya redio, ndogo kama kisahani.

Akapandisha kila kitu Kirua. Umeme ulikuwepo, siku hiyo ulikubali. Ile spika ndogo yeye na Primus wakailaza kando ya mto, upande wa sikio lililobaki. Primus akafuta gitaa kwa mkono wa koti, akapiga.

Mektrida hakushika kichwa. Hapo Elifuraha akapumua. Alisikiliza, akasikiliza, halafu akageuza uso ukutani.

"Hiyo siyo."

"Siyo vipi, mama?" Elifuraha akasogea. "Ni amplifaya lilelile."

"Ni kama Primus amebanwa pua."

Damu ikamchemka. Transfoma kasuka kwa vidole vyake, kamwomba Kornel, halafu anaambiwa kubanwa pua! Lakini kwa mgonjwa huyu huwezi kufoka. Ikabidi agombane kwa kunong'ona, kapiga magoti, mishipa imemtoka shingoni, mita ameishika mbele ya macho yake. "Nane, mama! Spika ni nane, hii ni nane! Zimelingana! Unataka nini tena?"

Mektrida akaitazama mita, akamtazama yeye. Alikuwa karibu kucheka.

"Una mchumba, mwanangu?"

"Hayo yanaingiaje?"

"Nijibu."

"Sina."

"Sishangai. Sikiliza. Ukumbini nilikuwa naweka kiganja kwenye ile spika. Primus akipiga, inanisukuma mkono, halafu inarudi. Akipiga nyuzi nene inarudi kwa kiburi, nyembamba inarudi kwa haraka. Ilikuwa inambishia. Hiki chako cha jiko," akaonyesha sanduku kwa kidevu, "kila kikiambiwa kinasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Mwanamke wa hivyo nani atamwimbia?"

Primus akainamia gitaa lake, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Elifuraha akatoka nje bila kuaga. Akatembea kati ya migomba akiongea peke yake, akateremka barabarani, na bado alikuwa anamjibu yule mama kichwani alipoona mama mwingine anatwanga mahindi. Mchi unashuka, unagonga, unaruka, na mkono unaupokea ukiwa tayari nusu njia. Akasimama. Kinu kikiwa na kitu kinarudisha mchi. Ukitwanga kwenye majivu, unazama tu.

Koili ya jiko ni majivu. Inapokea, hairudishi. Spika ina sumaku, ina koili inayokimbia mbele na nyuma, ina utando wa kuivuta irudi. Ni hiyo inayolibishia amplifaya, na kumbe nusu ya sauti ya Primus ni huo ubishi.

Akarudi kuchukua dude na gitaa, akavishusha mjini. Kibandani alikuwa na spika ya disko iliyochanika, kubwa, omu nane ileile. Akachukua wembe, akakata karatasi yote ya mbele pole pole, akiacha katikati tu: koili, utando wa nyuma, sumaku. Spika isiyo na karatasi ni kama mtu anayepiga kelele bila mdomo. Inahangaika, inaruka, inarudi, lakini hewa haipati cha kuisukuma. Akaongezea koili nyingine ya waya mwembamba aliyoisuka kwenye kipande cha mwanzi, maana zile sauti nyembamba zilikuwa bado zinasema ndiyo bwana. Akajaribu, akatoa mizunguko, akajaribu tena. Akafunika vyote kwenye sanduku la mbao lililojazwa sufi ya godoro. Ukiweka sikio unasikia kitu ndani kinanung'unika kama kuku anayeatamia.

Safari hii alipanda na vyote. Primus alimpokea njiani kabla hajafika, na Elifuraha akajua kuna jambo kwa anavyotembea.

"Jana hakusikia ng'ombe," mzee alisema. "Analia dirishani pale, hakusikia."

Wakaharakisha. Waya huku, waya kule. Spika ya kisahani kando ya mto. Mektrida mwenyewe akaisogeza mpaka ikagusa kitambaa cha kichwa. Alikuwa amekonda. Valvu zikawaka, Elifuraha akapandisha mpaka mwisho, pale ambapo ukumbini watu wangeziba masikio. Sandukuni kukawa na manung'uniko tu.

Primus akapiga.

Elifuraha hakuwa mtu wa dansi. Alizaliwa kwenye kaseti. Lakini alichokisikia kikitoka kwenye kile kisahani kilikuwa kinene, cha moto, kinavutika kama asali ya nyuki wadogo, na kilikuwa kidogo kabisa, kidogo kuliko mtu anayeongea. Nyuzi nene zilijibu kwa kiburi. Nyembamba zililia mwishoni, zikakataa kufa.

Mektrida alifumba macho. Uso hakuugeuza. Primus anapiga huku anamwangalia, anaogopa kukosea, vidole vya mkulima vimekuwa vigumu. Wimbo ulipofika katikati, Mektrida akafumbua jicho moja.

"Umepita."

Primus akasimama. Akainama sikioni kwake. "Nimepita wapi?"

"Hapo. Hapo ulikuwa unanyamaza kwanza. Unatazama kama bado nimesimama na yule karani wa posta, ndipo unaendelea."

Mzee akaona haya, mzee mzima, mbele ya fundi. "Ulijua?"

"Ukumbi mzima ulijua, Primus. Rudi nyuma. Piga vizuri."

Akarudi nyuma. Akapiga mpaka palepale, akanyamaza. Akamtazama. Nyumba ikawa kimya, migomba inagusanagusana nje, na Mektrida kalala pale anatazamwa, mdomo ule mkali umelegea, mashavu yamemjaa kama msichana. Akamwacha asubiri. Alimwacha asubiri kweli, mpaka Elifuraha akataka kumsukuma mzee aendelee. Ndipo akatikisa kichwa kidogo, kukubali, na Primus akaendelea.

Sikio lile lilikuja kufunga kweli, kahawa ilipoanza kuiva, na baada ya hapo waliongea kwa mikono na kwa kutazamana, na watu wanasema walikuwa wanagombana hivyohivyo na kucheka hivyohivyo. Lakini siku ile lilikuwa wazi. Wimbo ulipoisha alisema, "Tena," na ulipoisha alisema, "Tena." Hakuna aliyekumbuka kuwa kuna fundi chumbani. Chai yake ilipoa mkononi, na alikuwa hajakaa.

Kule barabarani gari la mwisho la kushuka mjini likapiga honi ndefu, likimwita abiria yeyote aliyebaki. Elifuraha akatoka mbio mpaka mlangoni, uso umevimba kwa hasira, akalitolea ngumi lile gari, akalionyesha kwa mkono: ondoka, ondoka na makelele yako, huku mtu anasikiliza.